Mabawa Kwenye Chupa ya Asali

Jumatatu, 4 Machi

Mvua bado. Naanza kuandika kwa sababu Mama amechoka kunisikiliza na amenieleza bila kuzunguka: "Habari za wadudu nimeshiba, mwanangu. Kaandike mahali." Haya, Mama, naandika.

Nianze na kazi yangu, maana nyumba nzima inaamini sina. Nasoma ukoo wa mbawakawa wanaowaka. Kuna koo mbili kubwa. Wa kwanza ni vimulimuli, ambao kila mtoto amewahi kuwafukuza kwenye majani. Wa pili ni wale tunaowaita wadokaji: ukimlaza chali anajirusha juu, anatoa sauti ya tak, anaangukia miguu yake. Wengi wao hawana taa, ila baadhi wanawaka tena vizuri tu. Swali ni hili: taa hiyo waliirithi wote kwa babu mmoja, au kila ukoo uliiwasha kivyake? Watu wazima wenye mvi wamenuniana miaka kwa ajili ya swali hilo.

Na mimi nina jibu. Kwenye kinamasi nyuma ya mitambo ya maji yuko mdudu mkubwa, mweusi, mzito, tunayemwita Bibi. Umbo lake ni la wadokaji. Lakini vinasaba vyake vya taa, nilivyovisoma mwaka jana, ni sawasawa na vya kimulimuli mdogo wa kinamasi hicho hicho, karibu herufi kwa herufi. Maana yake Bibi ndiye daraja kati ya koo mbili. Taa ni moja, babu ni mmoja. Profesa alipouona mti wa ukoo niliouchora alinishika mabega mbele ya watu akasema, "Mwanangu, umetutoa kimasomaso." Mwezi wa tano ataupeleka kwenye mkutano wa ng'ambo. Mimi nitautetea tarehe 7 Juni, na nikipita naitwa daktari, ingawa Mama ameshauliza kama daktari wa namna hiyo anaweza kumpimia presha.

Kilichobaki ni Bibi aliye hai, nimpige picha na kumweleza vizuri kwenye tasnifu. Anatoka mvua ikianza tu, na mvua ikikatika haonekani mpaka mwakani. Kwa hiyo nasubiri mawingu.

Alhamisi, 7 Machi

Jua. Nimebandika lebo kwenye pini kutwa nzima. Mgongo unadai haki yake.

Jumatano, 13 Machi

Pacha amekuja kula. Si pacha wangu wa kuzaliwa. Tulianza masomo siku moja, tukapewa meza moja na makoti ya maabara ya saizi moja, mtunza stoo akatuita mapacha, jina likaganda. Mimi namwita Pacha, yeye ananiita Pacha, mpaka Profesa anatuita hivyo akiwa na furaha.

Mama humpakulia kabla yangu. Nimeshazoea.

"Mwangalie mwenzio," Mama akasema. "Anakaa kitako, anakula, anauliza hali za watu. Wewe ukiingia ni wadudu, ukitoka ni wadudu."

"Na mimi nasoma wadudu, Mama," Pacha akasema.

"Wewe unawasoma. Huyu ameolewa nao."

Tulicheka mpaka Pacha akapaliwa. Nilifurahi kumwona akicheka. Yeye anasoma sumu za mbawakawa, au alikuwa anazisoma. Desemba, watu wako likizo, friza la jengo lilizimika na sampuli zake zote zikaoza. Profesa alimpa pole, akamwambia aanze upya. Aanze upya, mwaka wa mwisho! Nimemkuta zaidi ya mara moja amefungua friza lile, tupu, ameshika mlango anatazama ndani.

Leo nimemwambia nikishatetea nitaingia naye kinamasini mpaka apate wengine. Akanishika mkono. "Ndugu yangu ni wewe," akasema. Pacha ana jambo moja ambalo sijaliona kwa mtu mwingine: ukimpelekea shida hakatizi, hakushauri haraka, hakuelezi ya kwake. Anasema, "Pole, Pacha. Niambie yote, taratibu," kisha ananyamaza. Ukitulia kidogo, unajikuta umesema yote.

Jumanne, 19 Machi

Mawingu asubuhi. Jioni yakaondoka bila kuaga.

Jumatano, 20 Machi

Imenyesha! Bati lilikuwa linapiga kelele mpaka Mama akazima redio kwa hasira. Mimi nilisimama mlangoni nikinusa udongo.

Ijumaa, 22 Machi

Nimempata Bibi.

Mlinzi wa mitambo ya maji alinifungulia geti dogo. "Mama Taa! Kumbe uko hai? Nikasema mwaka huu ameolewa."

"Nimekuja kumtafuta Bibi."

"Bibi gani anayekaa kwenye matope? Ingia, lakini ukizama mimi sijui kuogelea."

Nilikaa kwenye tofali kungojea giza la kwanza. Madume ya vimulimuli wadogo yalianza kuruka chini chini juu ya majani. Kila dume linawaka mara mbili, kisha linangoja. Jike, akiwa ameshikilia jani, anatulia kidogo, halafu anajibu mara moja. Ule utulivu ndio kila kitu. Akiwahi au akichelewa, dume linapita zake, maana ni jike la watu wengine. Akipatia, dume linashuka moja kwa moja. Nimeyatazama haya kila msimu na bado sijashiba.

Nikaona jibu limetoka kwenye nyasi karibu na goti langu, kwa utulivu ule ule hasa. Nikapeleka mkono nimchukue yule jike mdogo, nikamkuta Bibi. Nikajiambia kumbe ni majirani, nikacheka peke yangu. Nilikuwa na chupa moja tu, ya asali, niliyoiba jikoni kwa Mama. Nikamtia humo pamoja na dume moja dogo ili niwapige picha asubuhi, ndugu wawili kwenye fremu moja. Nimewaweka dirishani. Sasa nalala usingizi wa watu waliomaliza kazi.

Jumamosi, 23 Machi

Asubuhi kwenye chupa kulikuwa na Bibi, na mabawa manne.

Nilicheka kwanza. Mabawa mawili magumu ya juu, mawili laini ya chini, yamepangika sakafuni kama nguo alizovua mtu anayekwenda kuoga. Hakuna kichwa, hakuna mwili. Bibi ameshikilia kifuniko kwa ndani, tumbo limemvimba, anasafisha kipapasio chake bila wasiwasi wowote. Nikachukua simu nipige picha. Hapo ndipo mkono ulipoanza kutetemeka, kabla sijajua kwa nini.

Nitaandika pole pole ili nisijidanganye.

Kanuni ya maabara yetu ni kusaga mguu. Unakata mguu mmoja wa mdudu, unausaga, unatoa vinasaba, na mwili unabaki mzima kwenye pini kwa ajili ya watakaokuja. Mwaka jana miguu ya Bibi ilitoa vinasaba kidogo mno. Nikampelekea Profesa majibu hafifu. Akasema, akiwa anajibu simu ya mtu mwingine, "Tunao wengi, mwanangu. Saga mzima." Nikasaga mzima. Kichwa, miguu, tumbo, na vyote vilivyokuwa tumboni.

Bibi hafanani na kimulimuli mdogo. Bibi anamla.

Zile herufi za taa nilizozisoma hazikuwa zake, zilikuwa za chakula chake cha jioni. Mti wangu wote, ule uliofanya nishikwe mabega, umesimama juu ya mdudu aliyekufa ndani ya tumbo la mwingine. Niliona mlaji na mlo nikaandika ndugu. Na lile jibu la jana kwenye nyasi, lenye utulivu ule ule hasa, si jirani. Bibi anaiga jibu la jike mdogo. Dume linashuka likiamini limeitwa nyumbani.

Nilikaa kitandani mpaka Mama akaja kuuliza kama nimeiona chupa yake ya asali.

Nikampigia Pacha. Alifika kabla ya mchana, viatu vimejaa tope, akakaa kando yangu kitandani. "Pole, Pacha. Niambie yote, taratibu." Nikamwambia yote, hata mkono ulivyotetemeka. Mabawa. Tumbo. Jibu kwenye nyasi. Nikamwambia pia dawa: nipate Bibi wapya, nikate miguu mingi, nichanganye miguu ya wadudu kadhaa ili vinasaba vitoshe, tumbo lisiguswe. Kama taa ya Bibi ni yake mwenyewe, mti utageuka: koo mbili zitakaa mbali, na taa itakuwa imezaliwa mara mbili. Nikasema, huku nafuta kamasi, kwamba hilo jibu ni zuri kuliko la kwanza. Na kweli ni zuri.

Aliuliza maswali mazuri. Miguu ya wangapi inatosha? Niiweke kwenye spiriti au niisage ikiwa mibichi? Aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. "Naomba niipige picha? Siamini macho yangu." Akapiga.

"Profesa usimwambie bado," akasema akiwa mlangoni. "Ukienda na tatizo tupu atakuchana. Nenda na jibu."

Nilimshukuru. Nimeandika hapa kwamba nilimshukuru.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Pacha hakuwepo mezani asubuhi. Alikuja baadaye, ameniletea chai.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua kutwa. Mlinzi amenirudisha getini. "Leo huko ni bahari, Mama Taa."

Jumapili, 31 Machi

Mvua.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Mama ameweka ndoo sebuleni. Tunaruka ndoo kwenda chooni.

Alhamisi, 4 Aprili

Profesa aliniita ofisini. Amenenepa, au kiti kimepungua. Akanisogezea kiti, akaniuliza hali ya Mama, kisha: "Na Bibi wetu? Nikiandaa maelezo ya mkutano, kuna chochote natakiwa kujua?"

Alinitazama sana. Nadhani ni upendo.

"Naendelea na picha, Profesa," nikasema. "Mvua imenichelewesha."

"Hakuna lingine?"

"Hakuna."

"Sawa, mwanangu," akasema, akarudi kwenye karatasi zake. Nilitoka najiona mwongo, ila mwongo wa siku chache. Nikikata miguu nitarudi na ukweli mzima mkononi. Nilimsimulia Pacha korido nzima. Akasema nimefanya vizuri.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilijaribu kinamasi kwa nguvu, maji yakanifika kiunoni. Nimerudi natetemeka. Homa.

Jumatatu, 8 Aprili

Homa. Pacha kaniletea machungwa. Nikamuuliza, mvua si imepungua? Akasema kule bado kumejaa, nilale, wadudu hawana pa kwenda. Akanimenyea chungwa.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimepona. Nimekwenda kinamasini na chupa kumi na mbili safi, kila mdudu na yake.

Mlinzi alifungua geti huku anashangaa. "Tena? Si mlishachukua?"

"Nani kachukua?"

"Mwenzako, yule mnayefanana makoti. Jumatatu jioni. Alikuja na yule mzee wa gari jeupe. Wamevaa mabuti mapya, mzee kashikwa mkono asiteleze. Nikawauliza, Mama Taa yuko wapi? Wakasema anaumwa, wamekuja badala yake." Akanitazama usoni. "Hukuwatuma?"

"Niliwatuma," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani niliona haya mbele ya mlinzi.

Jumatatu. Siku ya machungwa. Kama mzee alipita na mabuti, maji hayakuwa hata ya magoti.

Niliwakamata Bibi wangu hata hivyo. Walikuwa wengi, wametulia kwenye nyasi, wanajibu.

Ijumaa, 12 Aprili

Mtaalamu wa mashine ya kusoma vinasaba aliikataa miguu yangu kwa upole. "Hii si imepita? Miguu ya mbawakawa mkubwa, kinamasi cha mitambo ya maji. Imesomwa Jumatano, majibu anayo mwenzio."

Pacha alikuwa mezani kwetu. Hakushtuka hata kidogo. Alivuta kiti changu akakipigapiga, kaa.

"Ulikuwa unaumwa," akasema. "Msimu haumngoji mtu. Nimekuokolea muda."

"Ulinambia kumejaa."

"Ungetoka na homa. Nakujua."

"Na Profesa kajuaje?"

Hapo alianza kukunja mikono ya koti lake. "Pacha, yule angekwenda kuumbuka mbele ya dunia. Ningeachaje?"

"Ulinikataza nisimwambie!"

"Nilikukataza wewe, kwa sababu kosa ni lako. Angekufukuza." Alisema kwa sauti ya mtu anayemfunga mtoto kidonda. Nilimtazama nikitafuta mahali uongo ulipoanzia, sikupaona. Nadhani kwake ni kweli yote.

Nikaenda kwa Profesa. Hakunisogezea kiti.

"Mwenzako alinijia Jumatatu ya tarehe ishirini na tano," akasema. "Analia. Anasema ameona kitu kibaya kwenye kazi ya rafiki yake na hajui afanye nini. Nikamwambia tungoje, labda mwenyewe atakuja. Nikangoja. Tarehe nne nikakuita kwenye kiti hicho, nikakuuliza mara mbili."

Nilitaka kumwambia nani alinishauri ninyamaze. Niliyasikia maneno kichwani na yalikuwa maneno ya mtoto anayesema, huyu ndiye kanituma. Nikasema, "Mimi ndiye niliyeona mabawa, Profesa."

"Mabawa gani?"

"Kwenye chupa. Dirishani kwangu."

"Mwanangu," akasema, akavua miwani, "sayansi haina changu wala chako."

Chake anacho: gari jeupe, ofisi yenye zulia, na jina lake mwanzoni mwa kila makala iliyotoka jengo lile.

Jumanne, 16 Aprili

Mama anauliza mbona Pacha haji. Nimesema ana kazi.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua ndogo. Tangazo limebandikwa ubaoni: semina ya Ijumaa, "Taa Iliyozaliwa Mara Mbili." Msemaji, Pacha. Msimamizi, Profesa. Nilisoma kisha nikaenda kusafisha vioo vya hadubini, vyote, hata vilivyokuwa safi.

Ijumaa, 26 Aprili

Ukumbi ulijaa. Nilikaa mstari wa nyuma karibu na mlango, nikajiahidi kunyamaza. Mimi na ahadi zangu.

Alizungumza vizuri. Nitamnyima mengi lakini hilo simnyimi. Alianza na swali la koo mbili, kwa maneno yangu niliyokuwa nikimwambia mezani, hata ule mzaha wa babu mmoja aliyeacha taa bila wosia. Akaonyesha mti wa zamani, wangu, akauita "mti wa awali." Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Akasema uliharibiwa na uzembe wa kusaga mdudu mzima. Profesa, mstari wa mbele, akatikisa kichwa pia, kwa huzuni, kama aliyehuzunishwa na vijana wa siku hizi.

Kisha mti mpya. Bibi na wadokaji wenzake upande mmoja, vimulimuli mbali upande wa pili, na kati yao matawi mengi ya mbawakawa wa giza, wasio na taa wala habari ya taa. Mara mbili, basi. Asili iliwasha mara mbili bila kujiiga. Ulikuwa mti mzuri. Nilikuwa nimeuona kichwani tangu ile Jumamosi, na sasa niliuona ukutani, mkubwa kuliko mimi, na moyo wangu mpumbavu ukaruka kwa furaha kabla haujakumbuka.

Wakati wa maswali mgeni mmoja aliuliza, "Ulijuaje kwamba shida iko tumboni? Wengi wasingefikiria."

Pacha akatabasamu, akabonyeza. Ukutani ikaja chupa.

"Ilikuwa bahati," akasema. "Nilimweka Bibi na dume dogo kwenye chupa ya asali dirishani. Asubuhi nikakuta mabawa manne. Nilicheka kwanza. Halafu mkono ukaanza kutetemeka, kabla sijajua kwa nini."

Maneno hayo hayo. Mkono wangu ulitetemeka kinywani mwake.

Kwenye picha, nyuma ya chupa, pazia la chumba changu lilionekana wazi, lile la maua ya njano ambalo Mama alilipunguza pindo na kushona kwa uzi mwekundu kwa sababu wa njano ulimwishia. Nikajikuta nimesimama.

"Chupa hiyo ni ya jikoni kwa mama yangu," nikasema.

Ukumbi ukacheka. Waliangua kicheko kizuri, cha watu waliokaa muda mrefu kwenye viti vigumu. Walidhani ni utani wa mapacha. Pacha naye akacheka, akaninyooshea mkono kutoka jukwaani: "Na huyu ndiye mwenzangu, tuliyekusanya naye. Bila yeye nisingekijua kinamasi." Wakanipigia makofi. Nilisimama pale nikipigiwa makofi na watu walionimaliza, na sikujua niweke wapi mikono.

Nikakaa.

Jumamosi, 27 Aprili

Mama alikuwa anaitafuta chupa tena. Nimeiosha nikamrudishia.

Ijumaa, 3 Mei

Kamati imeamua. Sura kuu ya tasnifu yangu imeanguka, kwa hiyo sitetei Juni. Nitafute swali jingine, nikusanye msimu ujao. Nilimkumbusha Profesa ni nani aliyesema saga mzima.

"Inawezekana nilisema," akajibu. "Msagaji ulikuwa wewe."

Tarehe 7 Juni haijafutwa. Chumba kile kile, saa ile ile, amepewa Pacha. Tasnifu ya sumu imekuwa tasnifu ya mlaji: jinsi Bibi anavyomla mdogo na kuikusanya sumu yake mwilini ili ndege wasimguse. Friza lililozimika halina uzito tena. Nimeambiwa ni kazi safi.

Nilipokuwa natoka Profesa alisema, "Usimchukie mwenzio. Anakupenda sana." Hilo nalo nadhani ni kweli, na silijui la kulifanyia.

Jumatano, 8 Mei

Pacha amekuja nyumbani nikiwa sipo. Amemletea Mama asali.

"Anasema mambo yamemnyookea," Mama akanieleza huku ananipakulia. "Nimefurahi kama nimemzaa. Na wewe umuige, mwanangu. Mwenzio anajua kukaa na watu."

Nilifungua mdomo nimweleze. Nilianza na koo mbili, na wadokaji, na tumbo. Akaweka mwiko chini.

"Wadudu tena?"

Nikala.

Jumapili, 12 Mei

Mvua imekatika. Ndoo imetoka sebuleni.

Ijumaa, 17 Mei

Leo nilikwenda kinamasini mara ya mwisho. Mlinzi alinifungulia bila utani, akanipa tofali langu mwenyewe, alikuwa amelihifadhi lisichukuliwe. Tope limekauka juu, linapasuka chini ya kiatu.

Yalibaki madume machache. Moja lilipita mbele yangu chini kabisa, likawaka mara mbili, likangoja. Kwenye nyasi kukatulia, kisha kukaja jibu, mara moja, kwa kipimo sahihi. Siku hizi namtofautisha Bibi na jike mdogo. Si kwa ule utulivu, huo ameupatia kabisa. Ni rangi, Bibi ana kijani zaidi kidogo, na dume halioni hilo, au linaliona na halitaki kujua. Ningeweza kupunga mkono. Lilishuka moja kwa moja.

Na hapo ndipo wazo liliponijia, la kwanza tangu Machi. Bibi wa wadokaji alijifunzaje lugha ya ukoo usio wake? Kama taa zao hazina babu mmoja, basi mmoja ameitazama taa ya mwenzake vizazi na vizazi mpaka akaijua. Hiyo nayo inapimika. Kila kinamasi kina kimulimuli wake na mapigo yake ya taa. Nikimchukua Bibi wa kinamasi kingine, atajibu kwa mapigo ya wapi? Nilisimama. Niliona tasnifu nzima, sura kwa sura. Nilikuwa nacheka peke yangu gizani na mlinzi akaniita kuuliza kama nimeumwa na kitu.

Simu ikawaka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa Pacha.

"Pole sana Pacha wangu, nimesikia habari ya kamati. Sijalala. Sasa unafikiria kufanya nini? Niambie yote, taratibu."

Nilikuwa nimeshaandika, "Pacha, nina wazo, hebu sikia," na mistari mitatu chini yake, mpaka kwenye kinamasi cha pili, ndipo vidole vikasimama. Nimefuta herufi moja moja. Sijamjibu.

Lakini nitaandika hapa, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia: nilipoona jina lake, nilifurahi.